Somo: Kupanga bei ya vifaranga wa mwezi mmoja na kuwauza mezani kwenye maonyesho ya Nakuru

Somo hili ni la anayepeleka vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wa wiki nne, kwenye Maonyesho ya Kilimo ya Nakuru. Wa Kisumu aweke nauli yake na bei ya chakula ya kwao. Njia ya hesabu ni ile ile.

Hatua ya 1: Gawanya gharama kwa walio hai

Kosa linaloua mtaji wa wengi ni kugawanya gharama kwa idadi ya vifaranga walionunuliwa. Waliokufa nao walikula na kuota moto, na gharama yao wanabebeshwa waliobaki. Tufanye umenunua 100 wa siku moja kwa shilingi 100 kila mmoja: 10,000. Chakula kilo 65 kwa shilingi 80: 5,200. Makaa ya bruda (sehemu ya kuwapa vifaranga joto) 1,800, maranda 400, chanjo na vitamini 1,200. Kazi yako, shilingi 100 kwa siku 28: 2,800. Jumla 21,400. Wakibaki 92, kila mmoja amekugharimu 233, si 214.

Hiyo 2,800 ya kazi usiifute. Ukiifuta utaona una faida, kumbe umejiajiri bure mwezi mzima.

Hatua ya 2: Ongeza gharama ya meza, kisha andika bei tatu

Nafasi, usafiri, katoni na chakula chako cha siku, tuseme 3,500. Gawanya kwa unaotarajia kuuza, si kwa unaobeba. Ukibeba 92, tarajia 70: shilingi 50 kila mmoja. Sasa kifaranga amefika 283. Weka faida ya asilimia 20, unapata 340.

Bei ya kubandika iwe 350. Anayechukua 10 au zaidi, 320. Bei ya mwisho kabisa, 300. Ziandike zote tatu kwenye karatasi ukae nayo mfukoni kabla geti halijafunguliwa, kwa sababu ukianza kupiga hesabu mteja akikutazama, yeye ndiye atakayekupangia bei.

Hatua ya 3: Panga meza

Onyesha vifaranga 10 hadi 12 tu, wachangamfu, kwenye kizimba cha waya chenye maranda mapya na maji. Wengine wakae nyuma kwenye kreti, 25 hadi 30 kwa kreti. Kizimba kilichojaa hunuka upesi, na mteja akiona rundo anajua una haraka ya kuuza.

Asubuhi za Nakuru ni baridi, hasa Julai. Kifaranga akipigwa na upepo hujikunyata, hufumba macho na kushusha mabawa. Mnunuzi anayejua kuku atamhesabu mgonjwa hata akiwa mzima. Zungushia gunia pande tatu mpaka jua lipande.

Bandika bei kwa maandishi yanayosomeka hatua tano mbali. Wapo wengi wanaopita kwa kuogopa kuuliza. Kando ya bei weka kadi ya chanjo yenye majina ya magonjwa na tarehe: Marek ya siku ya kwanza, Gumboro mara mbili, kideri mara mbili. Kadi hiyo itatetea ile 350 kuliko maneno yoyote.

Hatua ya 4: Uliza kabla ya kusifu

Maswali matatu yanatosha: unataka mayai au nyama? Nyumba ya kuku iko tayari? Usiku utawakinga vipi na baridi? Majibu yatakuonyesha la kumuuzia, na pia nani wa kumwambia aende kwanza akajenge. Huyo chukua nambari yake, mpigie akiwa tayari. Ukimuuzia leo, wakifa kesho kutwa, kijiji kizima kitasikia kwamba vifaranga wako ni wabovu.

Akisema "punguza", usipunguze bure. Kila shilingi unayoachia ipate kitu: achukue kumi, au alipe sasa hivi na kuondoka nao. Akitaka mmoja kwa 300 saa nne asubuhi, mwambie kwa heshima, "Mama, mmoja ni 350, ukifika kumi nitakuwekea 320," kisha nyamaza. Wauzaji wengi hujishusha bei wenyewe kwa kushindwa kunyamaza.

Malipo ya M-Pesa yathibitishe kwenye simu yako mwenyewe, usitegemee ujumbe ulio kwenye simu ya mteja.

Hatua ya 5: Saa kumi jioni

Hapa ndipo bei huporomoka. Meza ya jirani inashuka hadi 200 na wewe unashikwa na hofu. Piga hesabu: kifaranga wa umri huu hula takriban gramu 40 kwa siku, shilingi 3 na senti kidogo. Kumrudisha nyumbani wiki nzima ni kama shilingi 22 za chakula. Kwa nini basi umtupe kwa hasara ya 83? Shuka hadi 300, ukome hapo.

Ila anayerudi amekaa karibu na kuku wa watu. Mtenge na kundi la nyumbani kwa siku 14, umhudumie wa mwisho kila siku, na kreti zioshwe kwa dawa kabla ya kuingia bomani.

Maswali ya wanachama

*Njoro: Mteja anataka tembe (majike) watupu. Nimchagulie?*
Wiki ya nne upanga wa kichwani huanza kuonyesha majogoo, lakini si kwa uhakika. Uza mchanganyiko na umwambie hivyo. Ukiahidi tembe kumi wakatoka majogoo wanne, utadaiwa.

*Kakamega: Nimezalisha mwenyewe kutoka kwa Kuroiler wangu. Niwaite Kuroiler?*
Hapana. Kuroiler ni kuku chotara, wa mbegu zilizochanganywa. Watoto wake hutofautiana kwa ukuaji na utagaji. Waite chotara na uwauze kwa bei ya chini ya Kuroiler halisi.

*Molo: Nitoe dhamana?*
Ndiyo, ya saa 48, kwa kumbadilisha aliyekufa, si kurudisha pesa. Vifo vya uchovu wa safari aghalabu huonekana ndani ya muda huo. Baada ya hapo mengi hutegemea bruda ya mnunuzi. Iandike kwenye risiti.

*Ahero: Jirani wa meza anataka tuuze pamoja kobe na vinyonga, anasema watoto watajaa.*
Kataa. Hao ni wanyamapori, na kuwafuga au kuwauza bila kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Wakikutwa mezani kwako, kusema ni wa jirani hakutakuokoa.

*Subukia: Mnunuzi anaondoka na boda. Nimfungie wapi?*
Katoni ngumu, vifaranga 10, matundu ya upana wa penseli pande zote nne, maranda chini. Ifungwe wima nyuma ya pikipiki, isifunikwe kwa nailoni. Ndani ya nailoni hukosa hewa, na utabadilisha wote kumi kwa dhamana yako mwenyewe.