Nyumba iliyobadilishwa vyumba: mambo ya kuangalia kabla ya kuomba mkopo

Kabla hujatoa arubuni ya nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar unayotaka kuinunua kwa mkopo wa benki, ichukue ramani yake uingie nayo ndani, chumba kwa chumba. Benki inachukua rehani nyumba iliyomo kwenye karatasi. Mthamini akikuta ukumbi pale ramani inapoonyesha vyumba viwili, maombi yako yatakwama, na arubuni kurudi ni tabu.

Ramani ikikosekana, tazama juu. Dari za zamani zimelazwa kwenye boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Ukikuta sebule yenye upana wa mita tano, uliza ukuta uliokuwapo umekwenda wapi na dari inabebwa na nini sasa. Kagua ncha za boriti zinapoingia ukutani, hasa chini ya choo kilichoongezwa ghorofani, maana maji yakipenya, boriti huanza kuoza hapo. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa nayo itilie shaka: hufungia unyevu ndani. Mlipe mhandisi wako mwenyewe. Mthamini kazi yake ni bei.

Kisha kibali. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na anayetaka kubadilisha jengo hupitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mtake muuzaji akuonyeshe kibali cha kazi ile, si maneno ya "sheha (kiongozi wa mtaa) anajua". Hana? Akahalalishe yeye kabla ya kuuza. Kupunguziwa bei ili uubebe mzigo huo wewe naona ni hasara tupu.

Ukuta wa matofali uliokata ukumbi katikati una habari nyingine: mara nyingi warithi wamegawana. Ukuta huo haugawi hati. Kila mrithi lazima aridhie, hata aliyeko Maskati, na Kamisheni ya Ardhi ndiko pa kuhakikisha haki ya matumizi iko kwa jina la nani. Ulizia pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwani nyumba ya wakfu haiuzwi.

Wanaotaka murabaha, njia ya Kiislamu isiyo na riba, wajitayarishe zaidi, maana benki huinunua nyumba kwanza ndipo ikuuzie. Kibali, ramani mpya na ripoti ya mhandisi vipeleke pamoja na maombi, usingoje kuulizwa.