Kompyuta mpakato mpya isiyouona mtandao wa nyumbani
Ndugu zangu wa Moshi mnaotumiwa kompyuta mpakato mpya na jamaa walioko Marekani, kabla ya kumlipa fundi kwa sababu imekataa kushika waifai ya nyumbani, tazameni kwanza chaneli, yaani njia ya mawimbi, inayotumiwa na ruta yenu, kile kifaa kinachosambaza waifai. Waifai ya masafa ya 2.4 GHz hutumia chaneli 1 hadi 13 katika nchi nyingi, lakini vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida huishia chaneli ya 11. Hivyo ruta ikijichagulia ya 12 au 13, simu zilizonunuliwa hapa mjini zitaendelea kuperuzi bila shida, ilhali kompyuta hiyo haioni hata jina la mtandao wenu. Dalili yake ni ya wazi: mitandao ya majirani inaonekana, wa kwenu hauonekani.

Katika kivinjari cha simu iliyokwisha kuunganishwa, andikeni anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ingieni kwa nywila ya msimamizi, ambayo si lazima iwe ile ya waifai, kisha wekeni chaneli 1, 6 au 11 na mhifadhi. Ni kazi ya dakika chache, na sioni sababu ya kuilipia.

Ikiwa hata mitandao ya majirani haionekani, na waifai imewashwa, huenda draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa chake cha waifai, ndiyo inayokosekana: unganisheni simu kwa waya wa USB, washeni huduma ya kushiriki intaneti, na muiache kompyuta ipakue masasisho yake.