Jinsi ya kumpa binti yako jina la Marwa: asili yake, umaarufu wake na mambo ya kuangalia kabla ya kulisajili

Majina ya kike yatokanayo na mahali si mengi katika familia za Waswahili. Madina limezoeleka tangu zamani, lakini baada ya hilo wazazi wengi huishiwa, ilhali jirani kabisa na Al-Kaaba kipo kilima ambacho jina lake linampendeza sana mtoto wa kike, nacho ni Marwa. Mwongozo huu ni kwa mzazi anayelifikiria jina hilo na anayetaka kujua limetoka wapi, linatumiwa na nani, na afanye nini ili mwanawe asije akasumbuka nalo shuleni au kwenye ofisi za serikali.

Anza na mahali penyewe, kwa sababu siku mtoto atakapouliza kwa nini aliitwa hivyo, jibu liwe tayari nyumbani. Safa na Marwa ni vilima viwili vidogo vya Makka ambavyo leo vimo ndani ya jengo la Msikiti Mtukufu, na kati yake ipo njia iliyoezekwa, yenye sakafu ya marumaru na urefu wa takriban mita 450. Aya ya 158 ya Suratul Baqara inavitaja kwa majina kuwa ni miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, na kila anayekwenda hija au umra hutembea baina yake mara saba katika ibada iitwayo sai. Kisa chake ni cha Bibi Hajara, aliyeachwa na Nabii Ibrahimu katika bonde lisilo na maji pamoja na mwanawe mchanga, Ismaili. Maji ya kiriba yalipokwisha na mtoto akawa anagaagaa kwa kiu, mama alipanda Safa akaangaza macho asimwone mtu, akateremka, akakimbia kuvuka bonde, akapanda Marwa, na akaendelea hivyo hadi zikatimia mara saba. Katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoihifadhi Bukhari, Bibi Hajara alikuwa juu ya Marwa mara ya mwisho aliposikia sauti, na alipotazama alimwona malaika mahali pa Zamzam akiichimbua ardhi mpaka maji yakatoka.

Kwangu mimi, uzito wa jina hili uko hapo. Sai huanzia Safa na kuishia Marwa, mara nne kwenda na mara tatu kurudi, na hapo ndipo mwenye umra hupunguza nywele na kutoka katika ihramu, yaani hali ya ibada yenye masharti yake. Ndiyo maana vinyozi wamejaa nje ya milango ya upande wa Marwa. Mzazi aliyepata mtoto baada ya kungoja miaka, au baada ya ujauzito wa taabu, atalikuta jina hili linamsemea jambo analolijua vizuri, kwa kuwa ni jina la mahali ambapo mahangaiko ya mama yalifika mwisho wake.

Kuhusu maana, usitosheke na orodha za majina zinazozunguka kwenye simu, ambazo nyingi husema tu kwamba Marwa ni mmea wenye harufu nzuri. Upo kweli mmea wa namna hiyo wenye jina la karibu katika Kiarabu, lakini jina la kilima hufungamanishwa na jiwe jeupe, gumu na lenye kung'aa, la aina ile iliyogongwa ili kutoa cheche za moto. Mimi ningemfundisha binti maana ya jiwe kwanza, kwa sababu ndiyo inayokwenda na kilima.

Umaarufu wake hutegemea uko nchi gani. Misri, Tunisia na Moroko ni jina la kawaida, na Waturuki, wanaolitamka Merve, wamelipenda kiasi kwamba wanawake wengi wa huko waliozaliwa katika miaka ya 1990 wanalo. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, Marwa Amri wa Tunisia alipata medali ya shaba katika mieleka, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huo. Kwetu Afrika Mashariki, Marwa wa kike bado ni wachache sana wakilinganishwa na akina Fatuma, Mariamu, Zainabu na Mwanaisha, na mara nyingi utamkuta kwenye nyumba yenye pacha wa kike, mmoja Safa na mwenzake Marwa. Marekani na Uingereza huchapisha takwimu za majina ya watoto kila mwaka. Lakini takwimu hizo hazitakuambia hali ya mtaani kwako; ukitaka kuijua, waulize walimu wa madrasa na wa shule ya awali, kisha pitia orodha ya wapiga kura inapobandikwa kituoni.

Ukiipitia orodha hiyo utakutana na jambo linalohitaji kufikiriwa kwa makini kuliko mengine yote. Miongoni mwa Wakurya wa Tarime upande wa Tanzania, na wa Kehancha na Isebania upande wa Kenya, Marwa ni jina la kiume, la kale na la heshima, lisilo na uhusiano wowote na Makka. Wanaume wenye jina hilo ni wengi mno, wakiwamo viongozi. Wakazi wa Mombasa bado wanamkumbuka Nelson Marwa aliyekuwa kamishna wa kaunti yao. Kwa hiyo karani anayeona "Marwa" kwenye fomu, bila kumwona mtoto, huenda akaweka alama kwenye nafasi ya mwanamume, na hatakuwa amefanya jambo la ajabu.

Jambo hilo si sababu ya kuliacha jina, ila lina dawa yake. Andika jina lote kama litakavyosomeka, yaani la mtoto, la baba na la babu, kisha lisome kwa sauti. Marwa Salim Juma litaleta swali dogo tu. Marwa Chacha Mwita litasomwa kuwa ni mwanamume wa Kikurya popote litakapokwenda. Ikiwa jina la baba linaelekea huko, ongeza jina la pili la kike lisilo na utata, kwa mfano Marwa Zuhura, na liingie kwenye cheti tangu mwanzo.

Tahajia nayo iamuliwe mapema. Utaona Marwah, Maroua na hata Maruwa, kwa kuwa baadhi yetu huingiza irabu kati ya r na w tunapotamka. Kwa Kiswahili, Marwa inatosha na inasomeka jinsi inavyoandikwa.

Kabla ya siku ya saba, ambayo familia nyingi za Kiislamu hufanya akika, yaani kumchinjia mtoto mnyama, na kumpa jina, zungumza na wazee. Ikiwa ni desturi ya kwenu binti wa kwanza kurithi jina la bibi yake mzaa baba, mwendee bibi mwenyewe umweleze kisa cha Hajara kwa utulivu, na ukubali jina lake liwe la pili likihitajika.

Usajili usicheleweshwe: Tanzania Bara muda wa kawaida ni siku 90 tangu kuzaliwa, na Kenya ni miezi sita, ukipita huo unaingia katika utaratibu wa waliochelewa. Fika na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mwachie msajili alinakili, kisha kagua jina na jinsia kwenye fomu kabla ya kutia saini, kwa maana herufi moja iliyozidi kwenye cheti itaifuata hati ya kusafiria na kitambulisho cha taifa, na kuirekebisha kutahitaji kiapo, ada na safari za kurudi ofisini.