Namna ya kuitazama episodi ambayo stelingi anawaacha watu wote

Ukitaka kumwonjesha mtu Angel, tamthilia ya televisheni ya Marekani ambayo stelingi wake, Angel, ni vampaya (mfu anayetembea na kunywa damu), usimwanzishie episodi ya kwanza. Tamthilia ina misimu 5 na episodi 110, ilirushwa Marekani kuanzia Oktoba 1999 hadi Mei 2004, na mtu anayekunja pua akisikia neno vampaya hatakuvumilia hadi mambo yakolee. Mimi humpa episodi ya pili ya msimu wa pili, inayoitwa Are You Now or Have You Ever Been. Iliandikwa na Tim Minear, ikarushwa Oktoba 3, 2000. Inajitegemea, haifiki dakika 45, na ina jambo ambalo hulioni mara nyingi: stelingi anaambiwa kuna watu wanahitaji kuokolewa, uwezo anao, na anakataa. Najua nimeshamwaga mtama. Hakuna kilichoharibika, kwa sababu utamu wote uko katika jinsi anavyofikishwa hapo.

Kabla ya kubonyeza rimoti, mpe mgeni wako maelezo ya dakika mbili, yasizidi. Angel alizaliwa Galway, Ireland, mwaka 1727, jina lake likiwa Liam. Darla, vampaya wa kike, alimgeuza vampaya mwaka 1753, na kwa karne moja na nusu hivi akawa muuaji wa kutisha. Mwaka 1898 aliua binti wa jamii ya Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi), nao wakamlaani kwa kumrudishia roho yake, ambayo mtu huipoteza akigeuzwa vampaya, ili ayakumbuke yote aliyoyatenda. Kwa hiyo anapoonekana mwaka 1952 akikaa katika hoteli ya Hyperion, ambamo episodi yetu inatokea, ameshaishi na roho kwa miaka 54. Haui watu tena, lakini hana shughuli nao. Upande wa pili wa hadithi, mwaka 2000, ana ofisi ya upelelezi Los Angeles pamoja na wenzake Cordelia na Wesley. Ofisi hiyo ililipuliwa mwishoni mwa msimu wa kwanza, na sasa wamebanana nyumbani kwa Cordelia. Basi, inatosha. Habari ya furaha kamili inayoweza kumpotezea roho yake iache kabisa. Hapa haina kazi, na ukianza kuieleza mtakesha.

Episodi inarukaruka kati ya miaka hiyo miwili, na wengi hupotea hapo. Waambie wautazame ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya Hyperion. Ukiwa na vumbi na giza, ni 2000. Ukiwa na wageni, kaunta inang'aa na mhudumu amevaa sare, ni 1952. (Jengo linaloonekana kwa nje lipo kweli, ni Los Altos Apartments, Wilshire Boulevard. Mpenzi wa majengo atakuuliza tu.)

Jina la episodi nalo lina historia yake. Ndilo swali ambalo kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwauliza waandishi na waigizaji wa Hollywood: je, wewe ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, au umewahi kuwa? Mwaka 1947 watu kumi wa filamu walikataa kujibu, wakaishia jela. Kufikia 1952 kutaja jina la mwenzako ilikuwa njia ya kuokoa kazi yako. Mgeni wako akilijua hilo, ataelewa kwa nini wakazi wa hoteli wanatazamana kwa jicho la pembeni hata kabla zimwi lililojificha humo halijatia neno.

Sasa kaeni mtazame. Usisimamishe ovyo, na usinong'oneze "hapa angalia". Kuna mahali pawili tu ambapo mimi huondoa mkono kwenye simu na kuhakikisha mwenzangu naye ameondoa.

Pa kwanza ni mapema. Angel yuko peke yake chumbani na glasi yake ya damu. Chumba cha jirani kuna mgeni mwingine, mchuuzi, ambaye amekuwa akisikia sauti zinazomsema. Mlio wa bastola unasikika ukutani. Angel ameusikia, na wewe umeona ameusikia. Anasita kidogo, kisha anaendelea na kinywaji chake. Hakuna muziki wa kukuelekeza umchukie, wala hakuna anayesema lolote. Nimewahi kukaa na watu waliocheka hapo, nikawaacha wacheke, kwa kuwa kicheko hicho kitawarudia kabla episodi haijaisha. Baadaye utaona meneja anavyoamua kuuficha mwili ndani ya friza ya nyama ili hoteli isipate sifa mbaya. Uamuzi huo wa kibiashara ndio unaogeuza kifo cha mtu aliyejiua kuwa fumbo la mauaji, na fumbo ndilo chakula cha zimwi. Linaitwa Thesulac, na linakula shaka na hofu. Linanong'ona tu, kazi nyingine yote inafanywa na watu wenyewe.

Halafu anaingia Judy, msichana wa benki aliyekimbia na pesa zisizo zake. Mama yake alikuwa mweusi, yeye akawa anajifanya mzungu, benki ikagundua na kumfukuza. Msikilize vizuri anapomsimulia Angel, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza anayemtoa Angel kwenye ukimya wake. Angel anaanza kusaidia! Anakwenda hadi duka la vitabu la mtu anayeitwa Denver kuuliza jinsi ya kulimaliza zimwi, anarudi na vifaa. Watazamaji wengi husahau hatua hii wanaposimulia episodi, wakasema Angel wa 1952 alikuwa mbinafsi tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Alikuwa ameshaanza kugeuka.

Hapo ndipo pa pili. Wakazi wamembana Judy, na yeye kwa woga anamnyooshea Angel kidole: huyo ana damu chumbani. Wanamkamata, wanamtia kitanzi, wanamning'iniza palepale ukumbini. Mtazame Judy, kisha watazame waliofanya kazi hiyo baada ya hasira kuwatoka, wanavyotambua walichokifanya kwa mikono yao. Angel hafi, bila shaka, maana vampaya hapumui. Kwa hiyo huna haja ya kuhofia shingo yake, na macho yako yanabaki na nafasi ya kuona kitu kingine kinachokatika pale. Ukumbi ukishatulia, zimwi linajitokeza na kumchokoza: hoteli nzima imejaa roho zinazohitaji msaada wake, anasemaje? Jibu lake kwa Kiswahili chepesi ni "Wachukue wote." Anaondoka.

Zimwi lenyewe, likishatoka hadharani, halitishi kivile. Ni mpira na minyiri ya televisheni ya wakati ule. Mwache mgeni acheke, apumue.

Sehemu ya 2000 inakwenda haraka: wanaliita zimwi, Angel analimaliza kwa umeme. Kisha anapanda ghorofani na kumkuta Judy, ajuza sasa, hajawahi kutoka humo. Zimwi limeishi kwa hatia yake muda wote huo. Anaomba msamaha, Angel anampa bila masharti. Shangazi yangu, ambaye habari za mapepo hazitaki hata kidogo, alikasirika hapo. "Amesamehe upesi mno huyo kijana wako." Mimi naona alisamehe upesi kwa sababu naye ana deni ndani ya jengo lile, la kila mtu aliyemwacha nyuma ya mlango. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nasema, baada ya episodi usiulize "umeipenda?" Uliza nani ana kosa kubwa zaidi, Judy au Angel, kisha nyamaza.

Akitaka kuendelea, usimpeleke episodi ya tatu moja kwa moja kama hana muda. Mpe ya kumi, Reunion, ambapo Angel anasimama tena mbele ya chumba kilichojaa watu wanaohitaji kuokolewa, safari hii akiwa na mlango mkononi. Kisha ya kumi na tano, Reprise, anamorudi Denver, sasa mzee, na anamkumbuka vampaya aliyeingia dukani mwake zamani zile. Ya kumi na sita ifuate usiku uleule, kwa sababu Reprise inaishia mahali pabaya pa kulalia.

Baada ya hapo arudi msimu wa kwanza. Zile za mwanzoni za kesi moja kwa wiki anaweza kuchagua, ila ya nane na ya tisa azitazame zikifuatana, na asimwambie mtu amsimulie.