Kuandaa Diski ya Muziki kwa Programu ya Kumasta: Kazi Iliyo Kati ya Wimbo na Wimbo

Mtu akinunua diski ya taarab iliyorekodiwa ukumbini, akasikia makofi yanakatika ghafla, kinafuata kimya cha sekunde 2, kisha makofi yaleyale yanaendelea, hahitaji kuambiwa kwamba aliyeiandaa hakuwa makini. Nasema hivyo kwa kujihukumu, kwa kuwa diski yangu ya kwanza ya onyesho ilitoka vivyo hivyo, na nakala 50 zilikuwa zimeshachomwa kabla sijaisikiliza hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyimbo zenyewe hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika mipaka yake, na tangu hapo muda wangu mwingi wa kuandaa diski huishia kwenye mipaka hiyo.

Anza na mafaili. Mwombe prodyuza akupe miksi (nyimbo zilizokwisha kuchanganywa sauti zake) za WAV au AIFF, aina za faili zisizopunguza sauti, zenye biti 24, ambazo hazijabanwa na limita, yaani kizuizi cha sauti kisiipite kikomo, na azilete kwa flashi au kwa kiungo cha kupakua. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, au uliogeuzwa kuwa MP3 ili upite haraka, umeshapunguzwa, na hakuna programu itakayourudishia kilichotupwa. Kugeuza MP3 kuwa WAV huongeza ukubwa wa faili tu.

Kisha hesabu muda. Kwa mujibu wa kanuni ambazo Sony na Philips walizitoa mwaka 1980, diski ya muziki hubeba sauti ya chaneli 2, yenye biti 16 na sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa kila sekunde. Diski tupu za dukani huwa za dakika 74 au 80, na nyimbo haziwezi kuzidi 99, kikomo ambacho mwanataarab hatakifikia kamwe: nyimbo zikiwa za dakika 15 kila moja, diski imejaa kwa nyimbo 5. Watu wengi hupima kwa megabaiti, wakaona mafaili yao yana zaidi ya 800 ilhali diski imeandikwa 700, wakaanza kukata nyimbo bila sababu. Kipimo cha 700 ni cha data, ambayo huachiwa nafasi ya ziada ya kurekebisha makosa. Kwa muziki angalia dakika peke yake.

Kwa kumasta, yaani kuikamilisha sauti ya diski kabla ya kutolewa nakala, mimi hutumia programu ya REAPER, na wenzangu wengi hutumia WaveLab, lakini utaratibu ni mmoja. Fungua mradi mpya, uweke kwenye 44,100, upange nyimbo zote kwenye mstari mmoja wa muda kwa mpangilio ambao msikilizaji atausikia. Badilisha kipimo cha muda kisome dakika, sekunde na fremu 75, kwa sababu diski ya muziki hugawa kila sekunde katika fremu 75, na kila fremu ina sampuli 588. Wimbo hauwezi kuanzia katikati ya fremu. Ukikata nyimbo za onyesho kuwa mafaili mbalimbali bila kuheshimu kipimo hicho, programu ya kuchomea hujaza fremu ya mwisho kwa ukimya, na sikio hupata mdundo mdogo wa “tik” ambao utautafuta kwenye miksi usiuone.

Sasa weka alama za mwanzo wa kila wimbo. Katika REAPER, alama ambayo jina lake linaanza na # ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa wimbo. Usiibandike juu ya sauti ya kwanza kabisa, kwa kuwa baadhi ya redio za zamani huchelewa kidogo kufungua sauti, zikameza herufi ya kwanza ya neno la kwanza. Nairudisha nyuma kwa fremu 15, yaani moja ya tano ya sekunde. Kwa onyesho la ukumbini, alama hukaa ndani ya makofi, mahali ambapo vigelegele vimeanza kupungua na mpiga fidla hajagusa uzi. Sauti inaendelea bila pengo, na anayeruka kwenda wimbo unaofuata anaangukia mahali panapoeleweka. Kwa nyimbo za studio, sahau ile kanuni ya kuweka kimya cha sekunde 2 kati ya kila wimbo na wimbo. Funga macho, acha wimbo uishe mpaka mwangwi wake wa mwisho, kisha gonga meza pale unapohisi wimbo unaofuata unapaswa kuingia. Baada ya wimbo wa huzuni utajikuta unasubiri sekunde 4, na baada ya chakacha hutasubiri hata moja.

Kuhusu ukubwa wa sauti nitakuwa mfupi. Linganisha nyimbo kwa sauti ya mwimbaji, si kwa urefu wa mawimbi kwenye kioo, kwani wimbo wa kinanda na sauti peke yake ukipandishwa hadi ulingane na wimbo wa ngoma utaonekana unapiga kelele. Kikomo cha limita kiwe chini kidogo ya sifuri. Desibeli 1 inatosha. Kama mafaili yalikuja kwa sampuli 48,000, yashushwe kwenda 44,100 kabla ya hatua ya mwisho, na hatua ya mwisho ni ditha: kelele ndogo sana inayoongezwa wakati wa kushuka kutoka biti 24 kwenda 16 ili mwisho wa sauti inayofifia usikwaruze. Ditha huwekwa mara moja tu, baada ya limita, na baada yake usiguse kitu, hata kitelezi cha sauti.

Majina ya nyimbo yataingia kwenye maandishi ya diski, yale yanayoonekana kwenye redio za baadhi ya magari. Hapa Kiswahili kina mtego wake mmoja. Ukinakili jina lenye ng' kutoka kwenye programu ya uandishi, kile kiritifaa huja kikiwa kimepinda, na redio isiyokitambua huonyesha alama ya kiulizo katikati ya neno. Kiandike upya kwa mkono, kikiwa kimenyooka. Kila wimbo una pia namba yake ya ISRC, yaani utambulisho wa kimataifa wa rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Andika ile aliyopewa mwenye kurekodi, usijitungie.

Unapochoma, chagua njia ya kuandika diski nzima kwa mkupuo mmoja badala ya wimbo mmoja mmoja. Hiyo ya pili huwasha na kuzima mwale wa leza kila wimbo unapokwisha, na ndiyo iliyoniletea ile aibu ya makofi. Kasi ya wastani, mara 8 au 16, hunitosha, na jina naliandika kwa kalamu laini ya wino, kwa kuwa karatasi ya gundi ikibandikwa upande mmoja huifanya diski iyumbe inapozunguka.

Nakala ya kwanza isikilizwe yote, kwenye redio ya kawaida, huku karatasi ya muda wa kila wimbo ikiwa mkononi. Ruka kutoka wimbo hadi wimbo kwa kitufe, halafu rudi uache diski ipite yenyewe, kwa sababu kuna kasoro zinazojitokeza kwa njia moja tu kati ya hizo mbili.

Ikiwa kazi inakwenda kiwandani kuchapwa kwa maelfu, usipeleke diski uliyoichoma, ambayo mkwaruzo mmoja unaweza kuiharibu njiani. Toa folda ya DDP, yaani nakala ya diski nzima kwa mfumo ambao viwanda huupokea, kutoka kwenye programu; ndani yake mna sauti yote katika faili moja, jedwali la mianzo ya nyimbo, na namba ya ukaguzi ya MD5, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Kiwanda hukokotoa namba hiyo upya baada ya kupokea, na ikitofautiana na ya kwako hata kwa herufi moja, faili limebadilika njiani na inabidi ulitume tena.