Jinsi ya Kuandika Historia ya Shule ya Upili Iliyotokana na Shule Mbili

Ukishatumwa na wanafunzi wa zamani uandike historia ya shule yenu, swali la kwanza utakaloulizwa ni lile la mwaka ilipoanzishwa. Usilijibu haraka. Shule niliyosomea, na baadaye nikafundisha jiografia humo humo hadi nikastaafu, iko Vihiga, magharibi mwa Kenya. Ilitokana na shule mbili za harambee, yaani za michango ya wananchi: moja ya watu wa kanisa la Friends huku juu, nyingine ya Church of God ng'ambo ya mto. Kila moja ilikuwa ikililia walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na hakuna iliyokuwa na wanafunzi wa kutosha, basi zikaunganishwa, shingo upande. Watu wa juu wana mwaka wao, wa ng'ambo wana wao, na liguru mmoja, yaani mzee wa mtaa, ana wa tatu kwa kuwa ndio mwaka babake alipotoa shamba. Andika yote mitatu na useme kila mwaka kulifanyika nini. Jiwe la msingi pale ukutani linathibitisha tu siku ambayo mheshimiwa alikuja kula kuku.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye kitabu cha admisheni. Mwandikie mwalimu mkuu barua, na akikubali, kisomee pale pale ofisini. Kila mstari utakupa namba, jina, shule ya msingi aliyotoka mtoto, mzazi na kazi yake, siku ya kuingia, siku ya kutoka na sababu. Wengi hukimbilia majina ya waliokuja kuwa wakubwa. Mimi nakwambia shuka na safu ya kazi ya mzazi. Utaona mkulima, mkulima, mkulima, halafu mpishi Nairobi, reli Kisumu, majani chai Kericho. Hapo ndipo utajua karo ilikuwa inatoka wapi. Ukifika safu ya sababu ya kutoka, nenda polepole. "Karo." "Karo." "Ameolewa." "Karo." Hesabu hizo kwa kila mwaka, wavulana kando na wasichana kando, nawe utakuwa na sura ambayo hakuna hotuba ya siku ya wazazi imewahi kuitaja.

Kwa shule iliyounganishwa vitabu ni viwili, na namba moja inaweza kuwa ya watu wawili. Usiwapange upya. Mimi niliweka herufi J mbele ya namba za juu na N mbele ya zile za ng'ambo, na kuanzia muungano nikaacha namba jinsi zilivyo. Mtu wa miaka hiyo atakutajia namba yake hata usingizini, kwa sababu ilikuwa imepakwa rangi kwenye sanduku lake la chuma. Ukimbadilishia, umemfuta.

Usije ukadhani ukurasa wa 1985 umechanwa. Mwaka huo mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili, minne ya chuo kikuu) ulipoanza, watoto waliokuwa wamemaliza darasa la saba waliendelea hadi la nane, wakafanya KCPE ya kwanza, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo kidato cha kwanza kilikosa watoto. Pengo hilo lilipanda na madarasa hadi 1988, mwaka ambao hakukuwa na kidato cha nne. KCSE ya kwanza, mtihani wa kidato cha nne wa mfumo huo, ni ya 1989. Usichore mstari mmoja wa matokeo kutoka KCE, mtihani wa kidato cha nne wa zamani, hadi KCSE. Ya kwanza ilihesabiwa kwa divisheni na ya pili kwa gredi, na ukizilinganisha utawaonea watu. Tena alama za mtu aliye hai usizichapishe bila idhini yake. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kuna majirani.

Karatasi za nje ya shule zina njia yake. Vihiga ilikatwa kutoka Kakamega ikawa wilaya mwaka 1990, kwa hiyo mambo ya kabla ya hapo yatafute kwenye mafaili ya Kakamega, na pia kwenye Nyaraka za Taifa kule Moi Avenue, Nairobi. Hati ya shamba isome kabla hujamsifu mtu yeyote kwa kutoa ardhi. Ekari nyingi zilitolewa kwa mdomo mbele ya chifu, na jina la babu bado liko kwenye hati. Wajukuu nao wanajua kusoma.

Sasa watu. Ukimwuliza mtu "maisha shuleni yalikuwaje?" atakupa mahubiri. Muulize alilala kitanda cha juu au cha chini, kengele ilining'inizwa wapi, alibeba nini siku ya kufungua. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyofungwa kwa waya kwenye mparachichi, na aliyeigonga alitumia boliti. Wa kidato cha kwanza walikuja na jembe, ndoo na mzigo wa kuni, na mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, aliyeleta kuni mbichi aliijua siku hiyo. Usimwache mpishi. Mama aliyetupikia nilimkuta akichambua mboga, nikamuuliza githeri ilipikwa siku zipi.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "niulize siku ambayo haikupikwa."

Kisha akanitajia, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa siku za wageni.

Picha zitakupa kazi kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe nyuma. Angalia sweta. Tulipounganishwa wazazi walikataa kununua nyingine wakati zile za zamani bado nzima, kwa hiyo paredi moja ilikuwa na sweta za kijani na za maruni hadi zikachakaa. Picha yenye rangi zote mbili ni ya miaka hiyo ya mwanzo. Angalia pia walivyosimama, kijani na kijani, maruni na maruni. Mwalimu mkuu aliita umoja. Picha haikuita hivyo. Iweke ukurasa mzima.

Na usikawie. Mfumo wa 8-4-4 unaisha: kidato cha kwanza chake cha mwisho kiliingia 2024 na KCSE yake ya mwisho ni ya 2027. Mafaili ya zamani huhamishiwa stoo kila ofisi inapopangwa upya, na stoo za huku zina mchwa.

Rasimu ikiwa tayari, toa nakala chache za fotokopi, ukiacha kurasa tupu nyuma. Mpelekee mzee mmoja wa juu, mmoja wa ng'ambo, mpishi, na mwalimu mkuu. Waambie waandike kwa kalamu kila jina lililokosewa, na ukazichukue nakala hizo mwenyewe kabla hujalipa mchapishaji hata shilingi.