Kufuatilia metali zenye sumu katika boila ya makaa ya mawe, hatua kwa hatua

Moto hauteketezi metali. Zebaki, aseniki, seleniamu, risasi na kadimiamu zilizomo katika makaa ya mawe hutoka tanuruni kwa uzito uleule zilioingia nao, na kinachoamuliwa na moto ni njia tu: zibaki kwenye majivu ya chini, zinaswe kwenye vumbi la saikloni (chombo kinachozungusha moshi ili vumbi lianguke), au zipande na moshi na kuwashukia majirani. Mwongozo huu ni kwa mafundi wa boila katika viwanda vya Dar es Salaam, hasa wanaochoma makaa yaletwayo kwa malori kutoka migodi ya Ngaka au Kiwira.

Hatua ya 1: Chukua sampuli ya makaa

Usichote juu ya rundo. Chota kidogo kidogo katika zamu nzima makaa yanapoingia tanuruni, yaponde, yachanganye, yarundike, kisha gawa rundo mafungu manne na kutupa mawili yanayotazamana. Rudia hadi ibaki kama kilo moja. Makaa yaliyonyeshewa wakati wa masika yana maji mengi, kwa hiyo hesabu zote ziwe za uzito mkavu, ingawa sampuli isikaushwe kwa zaidi ya nyuzi 40 za Selsiasi, kwani zebaki hutoroka mapema. Iambie maabara ipime zebaki kwenye makaa yenyewe, si kwenye majivu yake, na uombe pia kiasi cha salfa, klorini na majivu.

Hatua ya 2: Andika hali ya moto

Rekodi joto la tanuru, oksijeni na kaboni monoksaidi katika moshi, na joto la moshi kabla ya saikloni.

Hatua ya 3: Pima majivu, kisha tafuta kilichopotea

Pima uzito wa majivu ya chini na wa vumbi la saikloni kila moja peke yake. Tuchukue mfano wa tani moja ya makaa yenye miligramu 5 za aseniki kwa kilo, yaani miligramu 5,000 kwa jumla. Ukipata kilo 160 za majivu ya chini zenye miligramu 8 kwa kilo, hizo ni 1,280. Kilo 30 za vumbi zenye miligramu 60 kwa kilo ni 1,800. Miligramu 1,920, karibu asilimia 38, hazionekani, na dohani ndiyo njia pekee iliyobaki. Tazama pia jinsi vumbi lilivyobeba aseniki nyingi kuliko majivu ya chini: hiyo ni dalili kwamba metali iligeuka mvuke motoni, kisha ikaganda juu ya chembe ndogo moshi ulipopoa.

Hatua ya 4: Badili jambo moja kwa wakati mmoja

Anza na joto. Kadiri tanuru linavyozidi kuwa kali, ndivyo aseniki, kadimiamu na risasi zinavyozidi kugeuka mvuke, na mvuke huo ukipoa hutoa chembe zisizofika hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), ambazo saikloni haiwezi kuzishika na ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu. Kwa maoni yangu, fundi anayejivunia saikloni iliyojaa vumbi anatazama mahali pasipo na hatari kubwa.

Kisha hewa. Ikipungua, metali kadhaa hupoteza oksijeni na kuwa katika hali inayogeuka mvuke kwa urahisi zaidi, na moshi mweusi ni onyo la kwanza. Ikizidi mno, moto hupoa, majivu hupeperushwa, na sehemu ya kromiamu inaweza kugeuka kuwa ya hali ya sita, ambayo husababisha saratani. Ongeza hewa mpaka kaboni monoksaidi ishuke, kisha uishie hapo.

Chokaa iliyochanganywa na makaa husaidia, kwa kuwa hukamata aseniki na kuigeuza kuwa chumvi ngumu inayobaki kwenye majivu. Klorini hufanya kinyume: mabaki ya mabomba ya PVC yanayotupwa tanuruni hutoa kloraidi za risasi na kadimiamu, ambazo huruka haraka. Na wenzetu wa zamu ya usiku wasichome mahindi juu ya makaa haya. Huko Guizhou, China, watu waliugua kwa sumu ya aseniki baada ya kula pilipili zilizokaushwa juu ya moto wa makaa yenye aseniki nyingi.

Zebaki ina hesabu yake. Huchemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo hakuna tanuru la makaa linaloizuia. Kinachofaa kuangaliwa ni safari ya moshi baada ya moto. Moshi unapopoa, klorini huigeuza sehemu ya zebaki kuwa kloraidi inayoyeyuka katika maji, ambayo mnyunyizo wa kusafishia moshi huinasa, na kaboni isiyoungua ndani ya vumbi hunasa nyingine. Zebaki isiyogeuka hupita. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unazitaja boila za viwandani za makaa ya mawe miongoni mwa vyanzo vya kudhibitiwa.

Hatua ya 5: Hifadhi majivu

Vumbi la saikloni lilowanishwe kidogo kabla ya kumwagwa, na anayelimwaga avae barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Lihifadhiwe chini ya paa, juu ya sakafu ya zege, mbali na majivu ya chini. Lisifukie mashimo ya barabara wala kumwagwa bonde la Msimbazi, kwa kuwa aseniki, seleniamu na kromiamu ya hali ya sita huyeyushwa na maji ya mvua na kuingia ardhini.